Jino Langu, Kiti Changu

Jumatatu, 4 Machi

Nimeamka na mdomo wa mtu mwingine. Upande wa kulia juu umevimba, unang'aa, ukiugusa unadunda kama moyo. Ni lile jino la mbele – lililoinama, lililogeuka kijivu tangu mpiga tromboni wetu alipogeuka ghafla kwenye gwaride akanitwanga nayo. Miaka yote limekaa kimya. Leo limeamua kusema.

Nimechukua tarumbeta nikaigusisha tu midomoni. Sijapuliza hata. Machozi yakanitoka yenyewe.

Nikampigia simu mkuu wa bendi. Sisi tunamwita Kijiti, kwa sababu kile kijiti cha kuongozea hakimtoki mkononi hata akila. Akasema niende hospitali lakini niwahi kurudi, maana gwaride la manispaa ni Julai na wimbo unaanza na mimi peke yangu. Kana kwamba sijui! Kiti cha kwanza cha tarumbeta nimekikalia tangu Kijiti mwenyewe akiwa anabeba stendi za wenzake.

Jumanne, 5 Machi

Kliniki ya karibu na soko. Daktari hakukaa. Alinifungua kinywa akiwa amesimama, akagonga jino kwa mpini wa kioo chake – nikaruka – akamwambia nesi, "Huyu ni wa kung'oa, andaa." Mimi mwenye jino hakuniambia. Alimwambia nesi.

Nikauliza kama hakuna njia nyingine. Akasema jino limeshakufa, la nini tena. Nikamweleza kwamba napiga tarumbeta, ndiyo kazi yangu, na tarumbeta inaegemea hapo hapo. Akasema nitawekewa la bandia, nitazoea.

Nitazoea. Neno hilo ndilo lililoninyanyua kwenye kile kiti. Nimefika barabarani na kitambaa cha kifuani bado kinaning'inia shingoni, watu wananitazama kama mtoto aliyetoroka kulishwa. Nesi akanikimbilia. Nikadhani anataka kitambaa chake, kumbe ananiletea dawa za uvimbe. Nimemshukuru, na kitambaa nimemrudishia.

Sitang'oa. Naandika hapa ili kesho nisijifanye nimesahau: sitang'oa mpaka mtu aliyekaa chini aniambie kwa nini.

Alhamisi, 7 Machi

Dawa zimeanza kufanya kazi, uvimbe unashuka.

Mama kaniona nakula upande mmoja. "Mwanangu, si uling'oe tu upumzike?" Mama hana hata jino moja la kwake. Usiku yale ya bandia hukaa kwenye bilauri, asubuhi anayavaa kama mtu anavyovaa viatu. Nimekua nikiyaona hivyo, sijawahi kuuliza. Leo nikauliza.

Akasema alikuwa na mimba yangu. Fizi zikawa zinatoka damu, meno ya mbele yanacheza. Akaenda, wakatoa yale yanayocheza. Alipojifungua na kurudi, wakatoa na yaliyobaki, ili asiwasumbue tena.

"Yaliyobaki yalikuwa mabovu?"

"Mengine mazima," Mama akasema. "Nani angeuliza? Daktari kasema." Akaendelea kuchambua mboga zake.

Alikuwa msichana tu. Na mimi utotoni nilidhani Mama anaziba mdomo akicheka kwa sababu ya adabu.

Nimekuwa na hasira jioni nzima. Sijajua nimkasirikie nani, kwa hiyo nimesugua sakafu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimekwenda mazoezini ili nionekane tu. Kijiti akaniita pembeni. Sauti yake ya upole – ile ninayoiogopa kuliko ya ukali. Akasema amefikiria, kwa faida yangu, nishike matoazi kwa muda. Hayataki meno, akasema, akacheka kidogo. Kiti cha kwanza akikalie Shavu.

Shavu ni tarumbeta ya pili. Mtu mzima, mwenye mashavu ya kupuliza tairi la lori. Tumekaa bega kwa bega miaka na miaka. Hakunitazama; alikuwa anafuta tarumbeta yake, ikafutwa mpaka nikaihurumia.

Nikamwambia Kijiti: matoazi nitashika leo. Nasema leo. Akasema, "Dada, usiwe mbishi." Nimeyagonga hayo matoazi mpaka mpiga zumari akaomba ahamishwe.

Jumatano, 13 Machi

Nimempata daktari mwingine, ng'ambo ya mji, juu ya duka la vioo. Mwanamke, mfupi, nywele kazikata karibu ziishe. Kitu cha kwanza alichofanya – akavuta kistuli akakaa. Nikajikuta nataka kulia kwa ajili ya kistuli.

Akapiga picha ya eksirei, akaniwekea kwenye kioo nikaona mwenyewe. Jino langu na mzizi wake mrefu, na huko kwenye ncha kivuli cheusi cha mviringo. Akasema huo ni usaha unaokula mfupa. Kiini cha jino kilikufa siku ile ya tromboni, kikakaa humo kinaoza polepole. Anaweza kulitoboa kwa nyuma, akasafisha ndani mpaka mwisho wa mzizi, akaliziba. Jino likabaki. "Nasema naweza kujaribu," akasema. "Sijasema nitaweza. Sikia tofauti hiyo leo, usije ukaisikia siku nyingine ukanichukia."

Kisha akanigeuzia kibao. Fizi zangu zinatoka damu zikiguswa, na nyuma ya meno ya chini kuna ugaga mgumu kama ukoko wa sufuria. Akauliza napigaje mswaki. Nikamwonyesha. Akasema nasugua kama nafuta masizi, meno yanaumia na uchafu unabaki palepale. Akanishika mkono, akanifundisha mswaki ulalie fizi, uende taratibu, kisha uzi upite katikati ya jino na jino. Mtu mzima mimi, nafundishwa kupiga mswaki. Nilinuna. Lakini nikakumbuka fizi za Mama zilivyoanza, nikanyoosha mkono nikachukua ule uzi.

Nilipokuwa mlangoni akaniambia Ijumaa nije na tarumbeta.

Ijumaa, 15 Machi

Kweli alitaka nipige. Pale pale, kwenye kile kiti, taa imenimulika. Uvimbe umeisha, nikaweza noti za chini. Akaniinamia na kioo chake anatazama tarumbeta inakaa wapi, mdomo unabana wapi, jino linabeba nini. Nje wagonjwa wakanyamaza. Kuna aliyeuliza kwa sauti kama humo ndani ndiko wanakong'oa.

Akasema tarumbeta yangu haijakaa katikati. Imejisogeza kulia, imeegemea ule mwinamo wa jino. Nimejifunza kupiga kwa jino lililopinda bila kujua. Akachukua chapa ya meno yangu yote, kwa ule unga unaoganda mdomoni kama saruji. Nikauliza ya nini, si jino linabaki? Akasema mtu mwenye akili hupima nguo kabla haijapotea.

Sikuipenda hiyo kauli.

Baada ya hapo akaniondolea ugaga – mlio wake unaingia mpaka kisogoni – kisha sindano ya ganzi, akaanza kazi ya mzizi. Vijisindano vyembamba kama nywele, anazungusha, anavuta, anaosha. Harufu iliyotoka! Nikaona aibu. Akasema si wewe, ni jino. Akaniwekea dawa ndani, akaziba juu kwa muda.

Jumanne, 26 Machi

Baba watoto kapiga simu kutoka safarini. Lori limekwama mpakani tangu juzi. Nikamweleza habari za jino. "Kwani bila tarumbeta utakufa?" akauliza. Si kwa ubaya, ndivyo alivyo.

Nikamwambia sitakufa. Nitakuwa nipo tu, ninagonga matoazi.

Akasema basi usiwakubalie.

Alhamisi, 28 Machi

Fizi imetoa kipele kipya juu ya jino. Najua. Sitaki kujua. Kesho kutwa naenda.

Jumamosi, 30 Machi

Aliondoa kizibo, akamulika ndani kwa hadubini yake muda mrefu. Kisha akazima taa, akavua barakoa. Nikajua kabla hajasema.

Mzizi umepasuka. Ufa mwembamba, kutoka katikati kwenda chini, pengine tangu ile siku ya tromboni. Eksirei haikuuonyesha. Usaha unapita humo, na akiziba namna gani utapita tu, ukiendelea utakula mfupa wa meno jirani.

Nikamwambia: kumbe yule wa sokoni alikuwa sahihi.

"Jibu lake lilikuwa sahihi," akasema. "Alilipataje bila kutazama, hilo mimi sijui."

Nikasema nataka kufikiri. Akasema fikiri, ila usifikiri mpaka Julai.

Nimerudi kwa miguu mji mzima. Nilikuwa natafuta mtu wa kugombana naye, hakuna aliyejitokeza. Halafu hapo kwenye geti la nyumbani nikatulia. Sikukataa kung'oa kwa sababu naogopa koleo. Nilikataa kung'olewa kama gugu. Huyu amekaa, ametazama, ameniuliza, akaniacha nitembee nalo mji mzima. Nitaling'oa mimi. Yeye atanisaidia mikono.

Jumanne, 2 Aprili

Limetoka.

Ganzi ilikuwa nzuri, maumivu hayakuwepo, ila unasikia kila kitu – mfupa unavyolia, mkono wake unavyosukuma. Kwa sababu ya ufa lilitoka vipande, ikabidi achane fizi kidogo afuate kipande cha ndani. Akasafisha lile jipu, akashona. Aliniuliza kama nataka kuliona. Nikaona. Dogo, la kahawia, limechoka. Nikamwambia alitupe.

Masharti: kung'ata pamba mpaka damu iache, kutosukutua leo, kesho maji ya chumvi taratibu, kutotema kwa nguvu, kutofyonza chochote. Na kutopuliza tarumbeta mpaka yeye aseme. Wiki kadhaa. Donge la damu likitoka pale kwenye shimo, nitaujua uchungu wa kweli.

Kupuliza ndiyo pumzi yangu ya kazi. Nimesaini mwenyewe kifungo changu.

Jumatatu, 8 Aprili

Mazoezini, bila jino. Daktari alinipa cha kuvaa, kipande cha plastiki chenye jino moja, lakini kinanitia kichefuchefu, nimekiweka mfukoni. Nikaingia nikawasalimu wote kwa mdomo wazi. Yeyote aliyetazama pengo nilimpa muda alitazame vizuri.

Kijiti akatangaza mbele ya watu: kwa gwaride la Julai, kiti cha kwanza ni Shavu. Uamuzi wa mwisho. Akasema ananionea huruma sana. Wenzangu wakatazama viatu.

Nikasema huruma sijaiomba, nimeomba kusikilizwa siku nikipona. Akasema meya atakuwepo, hawezi kucheza kamari na mdomo wa mtu. Mdomo wa mtu! Nikachukua matoazi yangu.

Jumamosi, 13 Aprili

Baba watoto amerudi. Akaweka begi chini, akanitazama. Mkono wangu ulikuwa unapanda wenyewe kuziba mdomo. Niliuona unapanda – mkono wa Mama ule ule – nikaushusha.

"Cheka tena," akasema. Nikacheka. "Umeacha mlango wazi, mke wangu, wezi wataingia." Tukacheka mpaka Mama akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Na yeye akacheka. Aliziba mdomo.

Jumatano, 24 Aprili

Nyuzi zilishatolewa, fizi imefunga vizuri. Leo nilikwenda na Mama. Alikataa asubuhi nzima: mtu asiye na meno atakwenda kufanya nini kwa daktari wa meno? Nikamwambia anisindikize tu, naogopa. Nimesema uongo, sijutii.

Daktari alimwomba avue yale ya bandia. Chini yake, kwenye fizi, kidonda. Cheupe pembezoni. Yanamsugua tangu lini? Mama akasema ah, hayo yamenizoea. Mimi ndiye mwanawe, tunakula meza moja, sikujua.

Daktari alikibonyeza, akakipima, akasema anadhani ni msuguano tu, lakini Mama akae bila meno hayo wiki mbili amwone tena. Kisipopona atakata kipande akipime. Mengine mapya atatengenezewa, yale yamechakaa na taya limebadilika. Mama akasema hawezi kukaa mbele ya watu kibogoyo.

"Tutakaa wote, Mama," nikamwambia. "Wewe juu na chini, mimi katikati."

Njia nzima aliushika mkono wangu.

Alhamisi, 9 Mei

Kidonda cha Mama kimepona. Nimeandika hilo kwanza.

Leo nilijaribishwa jino. Litakuwa daraja – jino la bandia lenye mabawa nyuma, linagandishwa kwa majirani zake. La muda, mpaka mfupa utulie, huko mbele tutaona kama atapandikiza. Fundi wa meno alileta kazi yake kwenye kisanduku. Jeupe, limenyooka, zuri kama la tangazo.

Nikasema silitaki.

Fundi akaduwaa. Akasema mama, hili ni zuri kuliko uliloling'oa. Nikamwambia sijakuja kununua uzuri. Ile chapa mliyochukua Machi iko wapi? Nataka lilivyokuwa, limeinama kulia, kona yake imeliwa. Rangi fanya ifanane na jirani zake, hapo sigombani. Mwinamo, hapana.

Fundi akamtazama daktari. Daktari akasema, "Umesikia. Kalipinde."

Jumamosi, 18 Mei

Limegandishwa. Ulimi wangu ukaenda pale ukalikuta limepinda vile vile. Ukatulia.

Nimeruhusiwa kupuliza. Kidogo kwa siku, nikisikia uchungu niache. Nilifunga mlango wa chumba, nikakaza midomo. Ikatoka sauti ya mbuzi aliyekanyagwa mkia. Nikarudia. Mbuzi yule yule.

Jirani wa juu kagonga dari. Nikampigia na nyingine.

Alhamisi, 30 Mei

Midomo imelegea kama ya mtu anayeanza. Napiga noti ndefu, moja moja, Mama anakaa mlangoni na meno yake mapya – anasema yanambana kwa adabu – ananiambia hiyo imetetemeka, hiyo nzuri, hiyo rudia. Noti za chini zimerudi zote. Za kati zimerudi. Ile ya juu kwenye mwanzo wa wimbo inakuja, halafu mara inapasuka. Siwezi kusema itapasuka lini.

Jioni Shavu alikuja nyumbani. Alikaa ukingoni mwa kochi kama mkwe. Nilidhani amekuja kuniambia hakitaki kiti, na nilikuwa tayari kumshukuru. Akasema, "Dada, nitakuwa mwongo nikisema sikitaki. Nimekaa pembeni yako nikikitaka miaka yote." Halafu akasema lakini si hivi. Si kwa jino.

Akaniomba nipige ule mwanzo. Nikapiga. Ya juu ilipasuka. Akapiga yeye, kwa tarumbeta yangu. Hakukosea, ila alipiga kama mtu anayesoma jina lake kwenye mlango wa ofisi. Tulilijua hilo wote wawili.

Nikamwambia nilimwomba Kijiti atusikilize pamoja, akakataa. Shavu akasema basi asiombwe.

Jumatatu, 3 Juni

Naandikia hapa hapa chumba cha mazoezi. Nimefika kabla ya wote na nimekaa. Kiti cha kwanza. Matoazi nimeyaweka juu ya sanduku lao, yamefunikwa vizuri, hayana kosa.

Wameanza kuingia. Mpiga zumari kaniona, kaenda kukaa, kisha kanikonyeza. Mpiga tromboni kakohoa.

Shavu ameingia. Amesimama mbele yangu na karatasi zake za muziki. Nilikaza miguu chini. Akavuta kile kiti cha pili, akakaa, akaniambia kwa sauti ya chini: Kijiti asikie kwanza, nikishindwa nitanyanyuka mwenyewe, nikishinda yeye hatalalamika. Nikakubali.

Kijiti kaingia. Kaona. Kauliza kwa upole nani amebadilisha viti. Nikamwambia mzee, viti viko pale pale, ni mimi nimerudi. Akasema tulishazungumza. Nikasema ulizungumza wewe.

Sasa amenipa mgongo, anaongea na mpiga ngoma kubwa kuhusu hali ya hewa ya Julai, anasubiri ninyanyuke. Ndiyo maana nina nafasi ya kuandika. Jino limekaa imara. Midomo nimeilowesha.

Sitamsubiri ageuke. Ule mwanzo ni wa mtu mmoja, hauhitaji kijiti. Ile noti ya juu – kama ni kupasuka ipasukie hapa, mbele ya wote, nimekaa hapa nilipokaa.

Shavu ananifungulia ukurasa. Naweka kalamu.